Ushahidi Uliofungiwa Kwenye Diski

Niseme mapema kwamba Jamhuri ya Komeo ni nchi njema yenye serikali sikivu, na kwamba haya nitakayoyaeleza yaliwapata watu wachache tu, ambao wengi wao walikuwa na makosa. Nimeishi huko miaka kumi na mmoja nikifundisha jiografia, na sikuona baya lolote, isipokuwa siku zile nilizokuwa nikitazama.

Nchini Komeo kila jambo la maana huhifadhiwa kwenye diski: harusi, hotuba, wosia, mashauri ya mahakamani. Na kila diski hufungwa kwa kufuli. Si kufuli la chuma. Ni kufuli la hesabu, lililotungwa na kampuni iitwayo Amana Kufuli, ili diski isisikilizwe wala kunakiliwa ila kwa mashine ya kampuni hiyo. Serikali iliupenda mpango huo hata ikaunda Wizara ya Makufuli. Kila baada ya miaka miwili Amana Kufuli ilitoa kufuli jipya na mashine mpya, na mashine za zamani zikapondwa kwa nyundo uwanjani huku bendi ikipiga. Diski za zamani hazikupondwa. Zilibaki makabatini, salama kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzisikiliza.

Katika nchi hiyo aliishi mtu aitwaye Shomari Ngwali, mlinzi wa Daraja la Mto Lukwale. Daraja hilo lilizinduliwa rasmi na waziri wa wakati huo, ila kwa kuwa mvua ilinyesha, utepe ulikatwa ndani ya ukumbi wa hoteli mjini, wageni wakala, wakarudi makwao. Shomari alipewa sare, filimbi na tochi, akapelekwa mtoni. Alipofika hakuona daraja. Akawaandikia wakubwa wake barua ya kueleza hivyo. Aliandika barua nne. Baada ya ile ya nne wakaja askari, wakatazama ng'ambo na ng'ambo, wakathibitisha kwamba kweli daraja halipo, wakamkamata kwa kuliiba.

Alihukumiwa miaka ishirini na mitano. Hukumu ilieleza kuwa mshtakiwa ni mtu mjanja sana, kwani hata nguzo hakubakiza.

Shomari alikata rufaa siku ileile. Sheria ya Komeo husema rufaa husikilizwa baada ya majaji kusikia diski ya shauri la kwanza, mahakamani, hadharani, kabla diski haijatimiza miaka kumi. Ikitimiza, huyeyushwa, na hukumu huwa kweli ya milele. Kesi yenyewe ilirekodiwa kwa kufuli ambalo muda si mrefu mashine zake zilipondwa. Ilikuwa imebaki moja tu nchini, ndani ya sanduku la kioo, katika ukumbi wa makao makuu ya Amana Kufuli, ambako wanafunzi hupelekwa kuitazama.

Shomari akakaa gerezani miaka tisa na miezi kumi na mmoja akingoja zamu yake.

*

Alikuwa na mdogo wake wa kike, Siwema, fundi wa mitambo katika Mahakama Kuu. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kwenye diski, kurekebisha feni za majaji na kuhakikisha kengele inalia. Mwanamke mpole, mfupi, wa miaka arobaini na miwili, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho kabla ya kujibu, jambo lililowatia watu wa serikali wasiwasi.

Siku thelathini na mbili kabla ya diski ya kaka yake kuyeyushwa, Siwema alivaa gauni lake la Idi akaenda Amana Kufuli. Alipokelewa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Dakta Majura, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu kama ya daktari anayetoa habari mbaya.

"Dakta," Siwema alisema, "naomba mashine ile ya kwenye kioo iletwe mahakamani kwa saa moja. Kuna mtu ataozea jela."

"Dada yangu, nakuelewa sana," alisema Dakta Majura. "Tatizo ni mwenye diski. Kuisikiliza kunahitaji idhini ya mwenye sauti zilizomo."

"Sauti iliyomo ni ya kaka yangu."

"Aliyeitoa ni kaka yako. Tulioirekodi ni sisi. Ikisharekodiwa ni mali yetu."

"Basi ninyi toeni idhini."

"Tungetoa," alisema Dakta Majura, akaonekana kweli kuumia. "Lakini hatuwezi kutoa idhini ya diski ambayo hatujui ndani yake mna nini. Na hatuwezi kujua mpaka tuisikilize. Na hatuwezi kuisikiliza bila idhini. Umeona tunavyobanwa na sheria?"

"Sheria hiyo aliiandika nani?"

"Mimi," alisema Dakta Majura, akamsindikiza mpaka mlangoni.

*

Siwema alirudi nyumbani, akaweka maji ya chai jikoni, akayasahau mpaka yakakauka. Kesho yake alitoka kazini na diski ya kaka yake ndani ya kitambaa cha kufutia vumbi. Alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoikusanya mwenyewe kutokana na vyuma vilivyotupwa na mahakama. Kwa siku kumi na moja kila akitoka kazini alifunga mlango, akalichunguza lile kufuli namba kwa namba. Akagundua jambo lililomkasirisha. Kufuli lile lililotungiwa wizara nzima lilikuwa ni jina la Dakta Majura limeandikwa kinyumenyume, likarudiwa mara arobaini.

Akaandika programu fupi ya mistari ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuiondoa sauti ndani ya diski bila kuivunja, kama mtu anavyochopoa mwiba. Akaiita Chopoa.

Sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa kikohozi. Kisha akamsikia Shomari, ile sauti yake ya zamani kabla jela haijaikwaruza, akisema, "Mheshimiwa, mimi nilikuta maji tu." Siwema aliizima kompyuta, akakaa. Alipopata nguvu akaiwasha tena, akasikiliza mpaka mwisho. Shahidi wa tatu alikuwa mhandisi wa wizara. Alisema maneno ambayo hayakuandikwa popote katika hukumu, na baada ya kuyasema ilisikika sauti ya hakimu, chini chini: "Hilo karani asiliandike."

Siwema aliirudisha diski stoo, akabaki na ukweli mkononi, na hakuweza kuupeleka popote. Akiupeleka kwa majaji watamuuliza ameupata wapi, nakala itachomwa, naye atafungwa, na Shomari atabaki palepale. Siku zilikuwa zimebaki ishirini.

*

Hapo ndipo alipofanya kosa, au wema. Jirani yake, mjane aitwaye Bi Havijawa, alikuwa na diski ya mumewe akisoma dua siku ya harusi ya binti yao, na kwa miaka saba hakuweza kuisikia. Siwema akamchopolea, maana kufuli lilikuwa ni jina lilelile, akamwachia na nakala ya Chopoa. Bi Havijawa aliisikiliza mara mbili, akafuta macho, akaahidi kutomwambia mtu. Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na Chopoa. Baada ya wiki ilikuwa imefika mikoani, imenakiliwa kwa mkono kwenye madaftari ya shule na nyuma ya kalenda.

Amana Kufuli ilitoa tamko kwamba taifa limevamiwa. Bunge likakutana kwa dharura na kupitisha Sheria ya Kulinda Utulivu wa Diski. Kuwa na Chopoa ni hadi miaka mitano. Kuitumia ni hadi kumi. Na kwa kuwa mwanasheria mmoja alisema neno lenyewe ni uchochezi, kitenzi "kuchopoa" kikapigwa marufuku, pamoja na mnyambuliko wake wote.

Nilikuwepo, na naweza kushuhudia kuwa sheria ilitekelezwa kwa haki bila kubagua. Daktari wa meno alikamatwa akiwa na koleo mkononi. Mama mmoja sokoni alimwambia mwenzake, "Hebu nichopolee huu mwiba wa samaki," akaondoka na wakaguzi, na yule samaki akachukuliwa kama kielelezo. Wakaguzi walikuwa na sare za kijivu na vikombe vya chuma walivyobandika ukutani kusikiliza ndani ya nyumba za watu. Wakisikia sauti ya marehemu yeyote, waliingia. Mtaani kwetu watu waliacha kuongea karibu na kuta. Hata mimi darasani nilipofika kwenye mito na madaraja niliruka sura.

Walimchukua Bi Havijawa siku ya Jumatatu saa nne asubuhi. Hakusema amepewa na nani. Siwema aliona kila kitu akiwa kwenye foleni ya maji, ndoo kichwani, na hakuweza hata kuitua. Siku zilikuwa zimebaki tisa.

*

Kesho yake saa nane mchana, Siwema akiwa peke yake katika stoo ya diski ya mahakama, mlango ulifunguliwa akaingia mtu mnene aliyevaa kofia ya kuvulia samaki. Aliurudisha mlango, akavua kofia. Alikuwa Mheshimiwa Tungaraza, Waziri wa Makufuli.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Siwema.

"Marahaba. Kaa. Unajua kwamba orodha ya watu wa kukamatwa huja mezani kwangu?"

"Najua."

"Jina lako ni la kwanza. Nimelikalia tangu juzi."

Siwema akangoja asikie mwisho. Waziri akatoa mfukoni diski moja iliyochakaa, akaiweka juu ya meza kwa vidole viwili.

"Mama yangu," alisema. "Alirekodi siku mbili kabla hajafa. Mimi nilikuwa ziarani, nazindua kufuli. Niliporudi mashine yake ilikuwa imeshapondwa. Nilikuwepo uwanjani. Nilipiga makofi."

Nje kulikuwa na hatua za wakaguzi wakipita koridoni. Waziri alingoja mpaka hatua zikapotea.

"Nifanyie lile jambo," waziri alinong'ona. "Lile ambalo siruhusiwi kulitaja."

Siwema akaiwasha kompyuta yake kuukuu, aliyoihamisha kutoka nyumbani na kuificha nyuma ya feni mbovu. Baada ya dakika chache chumba kikajaa sauti ya kikongwe. Hakutoa wosia, hakutoa baraka. Alisema, "Tungu, najua una kazi. Ukipata nafasi njoo tu tukae. Si lazima uje na kitu." Kisha akaulizia kama mvua imeanza huko mjini, na diski ikaisha.

Waziri alikaa ameuelekea ukuta kwa muda mrefu. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umesharudi kuwa wa serikali.

"Nitakukamata kesho," alisema. "Siwezi kulikalia zaidi ya hapo. Dakta Majura ananipigia simu kila saa. Unaelewa kuwa si kwa ubaya?"

"Naelewa. Naomba kitu kimoja, Mheshimiwa."

"Sema."

"Hati ya mashtaka iseme nimechopoa diski ya shauri la Shomari Ngwali. Hiyo tu. Na kesi isikilizwe hapa Mahakama Kuu kabla ya tarehe ishirini na nane."

Waziri akamtazama. "Watu huniomba niwafutie kosa. Wewe unachagua?"

"Kama lazima nifungwe, nifungwe kwa hilo."

"Hiyo ndiyo diski yenye adhabu kubwa. Imo katika ulinzi wa mahakama."

"Najua, Mheshimiwa."

Waziri alivaa kofia yake. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliichukua nakala ya sauti ya mama yake, aliyomtolea Siwema, akaificha ndani ya soksi, akatoka.

*

Hati ilisomwa tarehe ishirini na saba, mbele ya majaji watatu wakiongozwa na Jaji Kagoma, mzee mkavu ambaye hajawahi kuonekana akicheka wala akisinzia. Shtaka lilikuwa moja: diski ya Shomari Ngwali. Diski hiyo ilikuwa iyeyushwe kesho yake saa sita.

"Unakiri?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Sikiri," alisema Siwema kutoka kizimbani. "Sauti iliyokutwa kwenye kompyuta yangu haikutoka kwenye diski hiyo."

Ukumbi ukanong'ona. Mwendesha mashtaka akatabasamu. "Ilitoka wapi?"

"Ni mazungumzo tu. Upande wa mashtaka ukisema ni ya kwenye diski, uthibitishe."

Jaji Kagoma akaangalia juu ya miwani. "Ana haki hiyo. Thibitisheni."

Dakta Majura alisimama kabla hajaitwa. Kwa wiki mbili alikuwa amedhalilishwa na madaftari ya shule, na sasa nchi nzima ingeona. Aliomba ruhusa alete mashine iliyomo kwenye kioo. Ruhusa ikatolewa. Mashine ilifika saa saba mchana juu ya gari la wazi, imefunikwa bendera, na askari wanne wakaibeba kama jeneza la mtu mkubwa. Kwa mkono wake mwenyewe Dakta Majura alitia diski. Upande wa pili ikawekwa kompyuta ya Siwema. Zikachezwa pamoja.

Siwema alishika ubao wa kizimba. Alikuwa anajua dakika na sekunde. Kilipita kikohozi. Ikapita sauti ya Shomari. Akaja shahidi wa tatu, na sauti zote mbili zikasema kwa pamoja:

"Mimi daraja sijaliona. Tulisaini karatasi mezani. Mtoni hatukufika, barabara ilikuwa na matope. Ninavyojua halijajengwa."

Kisha hakimu: "Hilo karani asiliandike."

Nilikuwa benchi la nyuma, na nilimwona waziri akitazama viatu vyake. Dakta Majura peke yake ndiye hakuona kilichotokea. Alikuwa amefumba macho kwa furaha, akilinganisha.

"Neno kwa neno, waheshimiwa," alisema. "Pumzi kwa pumzi. Nathibitisha kwa kiapo kwamba hii ndiyo diski halisi, na imesikika barabara."

"Unathibitisha kuwa imesikika?" aliuliza Jaji Kagoma taratibu.

"Nathibitisha."

"Hapa mahakamani?"

"Hapa hapa."

"Hadharani?"

Dakta Majura alifumbua macho. Akatazama benchi zilizojaa watu, akamtazama Siwema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakosa utaratibu. "Waheshimiwa, naomba kulifuta jibu langu."

"Limerekodiwa," alisema Jaji Kagoma. "Na nasikia kufuli lenu halifunguki."

*

Shomari aliachiwa siku ileile jioni. Hukumu ya rufaa ilikuwa fupi: mtu hawezi kuiba kisichokuwepo, ila mahakama haisemi kwamba hakikuwepo. Alitoka na sare yake ya ulinzi iliyomlegea mwilini, na kitu cha kwanza alichouliza ni, "Siwema yuko wapi?"

Siwema alikuwa amebaki ndani. Alikuwa amethibitishiwa kosa lake pumzi kwa pumzi. Na kwa kuwa Bunge lilishaona madhara ya mambo kusikika ovyo, lilipitisha wiki hiyo kwamba adhabu zisisomwe tena kwa sauti, maana watu huzinakili kwa masikio. Adhabu yake ikarekodiwa kwenye diski, ikafungwa kwa kufuli jipya kabisa, ikapelekwa gerezani pamoja naye. Mashine ya kuisoma ingefuata.

Shomari alikuja kila Alhamisi. Walikaa kila mmoja upande wake wa wavu.

"Wamekupa mingapi?" aliuliza mara ya kwanza.

"Hawajui."

"Nani hajui?"

"Hakuna anayejua, Kaka. Iko kwenye diski."

Shomari aliuegemeza uso wake kwenye wavu. Miaka tisa ndani hakulia, na siku hiyo alilia. Siwema alimwacha amalize, kisha akamuuliza kama anakula vizuri.

Ikapita miezi kumi na minne. Mashine haikuja, kwa kuwa kufuli lilikuwa limebadilishwa tena. Alhamisi moja asubuhi mkuu wa gereza, Afande Mchomvu, mtu mwangalifu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alimwita Siwema ofisini. Juu ya meza palikuwa na kompyuta na diski moja.

"Bi Siwema," alisema, "mimi ni mtu wa daftari. Sijawahi kumweka mtu siku moja zaidi ya haki yake. Sasa sipati usingizi."

"Unataka nini, Afande?"

"Sitaki kulitaja. Lakini humu ndani wakaguzi hawaingii. Mfungwa huwezi kumfunga mara ya pili."

Siwema alifikiri. "Niandikie karatasi kwamba umeniagiza."

Afande Mchomvu alitokwa na jasho, akaandika, akatia muhuri. Siwema akavuta kiti. Kufuli jipya lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Lilimpeleka mpaka Alhamisi iliyofuata, saa tano asubuhi, ndipo sauti kavu ya Jaji Kagoma ilipojaa ofisini ikisema kwamba mahakama imezingatia umri na tabia njema ya mshtakiwa, na inamfunga miezi minane.

Afande Mchomvu alihesabu kwa vidole, akaona aibu, akaanza kutafuta fomu ya kuachilia. Alipofika kwenye swali la muda wa adhabu umejulikanaje, alisita, kisha akaandika, "Kwa kusikia."

"Kaka yako yuko getini," alisema. "Uko huru. Nisamehe."

Siwema aliinuka. Hapo ndipo alipoliona kabati lililokuwa nyuma ya mlango, lililojaa diski za adhabu mpaka juu, kila moja na jina la mtu. La juu kabisa lilikuwa la Bi Havijawa.

"Hizi ziko ngapi?" aliuliza.

"Mia tatu na sita."

"Nikitoka nje, nikizigusa ni kosa?"

"Nje ni kosa. Humu una karatasi yangu, mradi uwe mfungwa."

Siwema aliichukua ile fomu ya kuachiliwa, akaisoma mpaka mwisho kama ilivyokuwa kawaida yake, akairudisha mezani bila kuisaini.

"Mwambie Kaka Shomari nimechelewa kidogo," alisema, akavuta kiti. "Afande, niletee ya Bi Havijawa."